Pini Kooni mwa Mama

Asubuhi tuliyoondoka Thika, Mama hakufunga mlango. Aliuvuta tu akauacha na mwanya, kama mtu anayeenda kuteka maji na kurudi. Ndani ya kiondo alikuwa ametia makasi yake ya kukatia nguo, tepu ya kupimia, leso moja na sweta yangu. Ilikuwa siku ya shule, lakini hakuniambia nivae sare, na mimi sikumkumbusha. Nilimwuliza tunaenda wapi.

"Twende tu," akasema. "Miguu itajua."

Jirani yetu, Mama Wafula, alikuwa akianika nguo uwanjani. Alitoa kibanio mdomoni, akamtazama Mama kutoka miguuni hadi kichwani.

"Mama Nyakio, safari gani hiyo na hata chai hujanywa?"

"Nafika hapo tu."

"Hapo wapi? Vile umebaki mifupa, upepo ukikushika hapo nje tutakuokota Makongeni. Weka hata mawe kwenye hicho kiondo."

Akacheka peke yake. Kisha akainama akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwangalie mama yako njiani, umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nilikuwa na miaka kama tisa, na kazi hiyo nilikuwa nimeianza kitambo.

Mama alikuwa hawezi kumeza. Tangu tulipomzika Shosho, mama yake mzazi, chakula kilikuwa kikifika kooni kinasimama. Maji yalipita. Chai ya rangi ilipita. Uji mwepesi ulipita siku moja, siku ya pili ukakataa. Kitu cha kutafuna, hapana. Sketi zake alizipunguza kiunoni, akazipunguza tena, na nilijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba mambo yakiendelea hivyo nitabaki peke yangu. Baba sikuwa naye. Ilikuwa Mama na mimi, na cherehani.

Haya yote yamenirudia juzi. Mimi ni mtu wa kuhama, leo niko mji huu, kesho ule, nikifanya kazi iliyopo. Katika mji ambao nilikuwa nimeingia wiki hiyo nilimpelekea fundi sketi aipunguze. Akapiga magoti mbele yangu, akajaza pini mdomoni, vichwa vyake vikitokeza kati ya midomo kama vijimeno, akaanza kuniongelesha. Nilijisikia nikimwambia, "Dada, toa hizo pini mdomoni," kwa sauti kali hadi wateja wengine wakageuka. Alizitoa. Akaniuliza kama niliwahi kumeza moja. Nikamwambia mimi hapana.

Mama alishona sare za shule kwenye kibanda kilichonukia kitambaa kipya, mafuta ya mashine na makaa ya pasi. Januari wazazi walijaa hadi nje, naye aliwapima watoto wao pini zikiwa mdomoni, akisema "simama wima" na "pumua" bila kufungua meno. Kwangu mimi hakuna kitu cha hatari duniani kama mdomo ule. Nililala nikiwaza akipiga chafya itakuwaje.

Kwa hiyo siku ya mazishi kule Kalimoni, kwa Shosho, nilipomwona akiweka kijiko cha wali mdomoni, akitafuna, akitafuna, macho yakimtoka, kisha akienda nyuma ya tangi la maji kutema, sikuwa na swali. Asubuhi hiyo alikuwa amepinda gauni lake jeusi haraka haraka. Amemeza pini, nikajiambia.

Kuna jambo jingine la siku hiyo ambalo sikulielewa. Kwetu mtoto hupewa jina la nyanya yake, na akishapewa huwa ni kama nyanya mwenyewe. Shosho aliitwa Nyakio, na mimi ni Nyakio. Ndiyo sababu Mama hakuwahi kuniita jina hilo. Aliniita Mami, kama alivyomwita mama yake, na akinigombeza alinigombeza kwa adabu. Pale kaburini bibi mmoja mzee alinishika mabega, akanigeuza niwatazame watu, akasema, "Msilie sana. Nyakio hajaenda. Si huyu hapa?" Watu wakaitikia. Mama alinitazama mara moja, akatazama chini. Kuanzia siku ile hakuniita Mami tena. Aliniita "wewe."

Kwa kuwa alikuwa mgonjwa, nilianza kupika. Nilipika wali, viazi, mayai ya kuvuruga. Nilimpakulia, nikakaa mbele yake. Alivyonitazama nikishika kile kijiko! Nilidhani ananionea huruma kwa kupika vibaya. Kumbe siku ambazo Mama Wafula alituletea chakula, Mama aliweza angalau mchuzi. Cha mkono wangu hakikupita hata kidogo. Kadiri nilivyojitahidi kupika ndivyo alivyozidi kukonda.

Watu walikuwa na majibu yao. Ni alsa, vidonda vya tumbo, alisema mwenye duka. Ni tezi, alisema mwingine, mwite mtu amguse shingo. Akina mama wa kanisa walikuja, wakaweka viganja kooni mwake, wakaomba hadi jasho likawatoka, na yeye akawashukuru, akawapa chai na mikate ambayo hakuweza kuwasaidia kuila. Hospitali walimpiga picha ya koo. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye sauti ya mtu aliyechoka.

"Mama, koo lako ni zima. Hakuna uvimbe, hakuna kitu kimekwama. Kuna jambo limekupata karibuni? Umefiwa, labda?"

"Hapana," Mama akasema.

Nilitazama viatu vyangu. Udongo wa Kalimoni ulikuwa bado umeganda kwenye soli. Nikafikiri Mama anamficha daktari kwa sababu fundi mzima kumeza pini ni aibu, na kwamba ile picha haikuiona kwa vile pini ni nyembamba, imejificha nyuma ya mfupa.

Siku iliyotangulia safari yetu nilichukua hatua. Nilikuwa na sumaku, ya mviringo, iliyotoka kwenye spika ya redio mbovu. Mama aliitumia kuokota pini sakafuni. Mchana alipojilaza kitandani akasinzia, nilipanda taratibu nikaiweka sumaku juu ya koo lake, nikaanza kuivuta kuelekea kidevuni, polepole, kama nilivyomwona akifanya kwenye saruji. Nilikuwa nimebana pumzi. Nilitegemea kuisikia ikigonga kwa ndani, ti!

Akafungua macho. "Unafanya nini?"

"Natoa pini."

Nilidhani atacheka, na nadhani na yeye alidhani hivyo, kwa sababu mdomo ulianza. Kisha akanisukuma mkono, si kwa nguvu, akageukia ukuta. Mabega yalikuwa yakitikisika bila sauti. Kesho yake ndipo alipouacha mlango wazi.

Sikuwa na nia ya kuwa mganga, na shule niliiacha mapema mno kusomea udaktari, lakini swali la koo lile halijanitoka. Kila ninapokwenda nauliza watu. Nimefanya kazi kwenye machimbo ya mawe na mama mmoja ambaye ngozi ilimwasha hadi akajichuna damu kila mume wake alipotuma habari kwamba anakuja, na akishaondoka ngozi inatulia kama ya mtoto. Nimemjua kijana wa kupakia mchanga aliyepinda mgongo mwezi ule ndugu yake alipopotea, na hakuna aliyeona mfupa uliovunjika. Wauguzi wengine hunielewa kabla sijamaliza. Wengine hucheka. Mimi mwenyewe nikikaa mahali pamoja muda mrefu, huja kitu kama kidole hapa chini ya shingo, nami nakusanya nguo zangu nakwenda kwingine, na huko hukaa kimya kwa miezi kadhaa.

Tulipanda gari pale Thika hadi Juja, na hapo Mama akashuka kwa sababu ya kichefuchefu. Wakati huo barabara kuu ilikuwa ikipanuliwa, na vumbi lilikuwa limewafanya watu wote kuwa wa rangi moja. Alisimama kando akipumua ndani ya leso. Kisha miguu yake ikashika njia ya Kalimoni. Hakusema tunaenda kwa Shosho. Hata tulipofika kwenye ua alisimama nje, mkono juu ya mti wa geti.

Mke wa Anko alitutokea na ungo mkononi. Anko ni kaka yake Mama, naye mkewe nilimwita Tata.

"Haiya! Ni nyinyi? Mbona mnasimama kwa geti kama watu wa sensa? Ingieni!"

"Tunapita tu, Njoki," Mama akasema.

"Kupita kuenda wapi? Njia inaishia hapa."

Tukaketi nje kwenye benchi. Tata hakuuliza kitu. Alileta githeri ya mahindi na maharagwe kwenye sahani mbili, ya moto, imekaangwa na kitunguu, na mimi nikaanza kula kabla ya maombi. Mama alishika yake kwa mikono miwili, akairudisha.

"Usinipe. Haipiti."

Tata akaketi juu ya ndoo. "Bado ni yale maneno?"

Ndipo nikaambiwa, kwa vipande, kile ambacho watu wazima wote wa boma lile walikijua. Siku wakwe wa Anko walipokuja kuona boma, Mama, binti pekee wa Shosho, alipaswa kuwa jikoni tangu alfajiri akiwapakulia wageni. Ilikuwa Januari. Alikuwa na sare za shule nzima. Alifika wageni wakiaga na sufuria zikioshwa. Shosho, aliyekuwa ameulizwa siku nzima binti yake yuko wapi, alimgeukia mbele ya wakwe akasema: "Umedharau chakula changu. Basi hakitapita koo lako tena." Mama aliweka zawadi chini, akaondoka saa ile ile. Mwaka ukapita bila mmoja kumtafuta mwenzake. Kisha Shosho akaanguka shambani, na ikawa basi.

"Nikuambie kitu," Tata akasema. "Mami alikuwa akikuwekea chakula."

"Nani?"

"Mami. Kila Jumapili. Anapakua sahani, anaifunika na nyingine, anaiweka pale juu ya kabati. Nikiuliza ya nani, ananiambia ni ya yule wa Thika, asije akakuta sufuria zimeoshwa."

Mama akauliza, "Na jioni?"

"Jioni anapea mbwa. Na mbwa akila, anamgombeza."

"Mbona hukuniambia, Njoki? Mbona hukunipigia hata simu?"

"Alinikataza. Alisema ukija, uje na miguu yako."

Nilidhani habari ile ingemfungua koo papo hapo. Nilitega sikio. Lakini Mama aliinuka, akaenda hadi kwenye ua, akashika miti kwa mikono yote miwili, akatapika, na hakukuwa na kitu cha kutapika. Sauti ile ilikuwa mbaya kuliko yote niliyowahi kuisikia kwake. Kwa akili ya leo naielewa kidogo. Kabla ya hapo alibeba neno la hasira. Sasa alikuwa amebeba na sahani za mwaka mzima.

Tata alimtazama akatikisa kichwa. "Neno la mzazi huondolewa na mzazi mwenyewe," akasema, si kwangu hasa. "Na mwenyewe ndiye huyo amelala pale."

Nikainuka nikatazama pale. Kaburi lilikuwa karibu na migomba, na juu ya msalaba wa mbao, kwa rangi nyeupe iliyokuwa imeanza kutiririka kabla ya kukauka, nilisoma jina langu.

Nililisoma mara mbili. Nilimkumbuka bibi wa kaburini na mikono yake mabegani mwangu. Ndipo nikaelewa: haikuwa pini. Na kama mwenyewe ni Nyakio, basi mwenyewe hakuwa amelala. Alikuwa amesimama na githeri kwenye kidevu.

Tata alishuka kijitoni, akarudi na nduma nne, yale magimbi ya mtoni, zenye matope, akazilaza kwenye kiondo juu ya makasi. "Hizi alipanda yeye," akaniambia mimi, kwa kuwa Mama alikuwa ameshatoka getini. "Mkizipika, ziive kabisa. Nduma mbichi huwasha koo, na hilo lake halitaki kuwashwa zaidi."

"Thika leo sirudi," Mama alisema tulipofika njia panda. Tukapita kati ya mashamba ya kahawa, njia ndefu ya udongo, yeye mbele, mimi nyuma na kiondo. Alikuwa akisimama mara kwa mara na kushika kiuno. Ningependa kusema kwamba kuanzia siku hiyo alipona, na wanaopenda hadithi za namna hiyo huudhika nikiwaambia kwamba koo lile lilifunga tena mara nyingi: Anko alipougua, cherehani ilipoibwa, mimi nilipoanza kutoroka nyumbani. Na mimi nilitoroka mapema. Sikumaliza darasa la nane. Ni vigumu kukaa darasani na kuulizwa miji mikuu ya nchi na mtu anayekuona mtoto, wakati nyumbani wewe ni mama wa mtu, na uhai wake uko kwenye kijiko chako.

Lakini siku ile sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba nina nduma nne na nahitaji moto.

Tulitokea Mugutha jua likiwa limeinama. Kulikuwa na nyumba nusu nusu kila mahali, kuta bila paa, na harufu ya simiti mbichi. Mama mmoja mnene, mwenye matamshi ya watu wa mkoa wa magharibi, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akimsimamia fundi wa kupiga plasta.

"Mnatafuta nani?"

"Nyumba," Mama akasema. Nilishtuka. Hadi dakika ile hatukuwa tukitafuta chochote.

"Nyumba, ama mahali pa kulala?"

"Chochote kilicho."

Yule mama alimtazama vizuri. "Wewe ni mgonjwa."

"Ni koo tu."

"Koo haiambukizi. Na huyu?"

"Huyu ni mtoto wangu."

"Hilo naliona, mama, mmefanana hata kwa kununa. Nauliza kama na yeye ni mgonjwa."

"Yeye ni mzima."

"Basi atapika." Akainuka kwa kuegemea magoti. "Kuna chumba huko mwisho. Simiti haijakauka vizuri lakini mlango unafunga. Laleni. Mambo ya kodi tutaongea ukiwa na nguvu za kubishana. Omwana, njoo uchukue jiko."

Chumba kilikuwa kitupu na chenye baridi, mabati mapya yakilia juu kadiri jua lilivyopungua. Mama aliketi kwenye leso, mgongo ukutani. Mimi nikakaa mlangoni na jiko. Niliosha zile nduma, nikazitia kwenye sufuria ya kuazima, nikafunika, nikapepea. Niliziacha zichemke hadi maji yakaisha, nikaongeza mengine. Mama alisema zimeiva. Nikasema bado. Nilikata kipande nikakiweka kwenye ulimi wangu mwenyewe, nikangoja kuwashwa. Nikangoja zaidi. Haikuwasha.

Nikamenya moja, ikiniunguza vidole, nikaivunja. Ndani ilikuwa ya zambarau na ikatoa mvuke. Halafu nikafanya nilivyomwona Shosho akifanya alipombariki mtu anayesafiri: nikajitemea mate kidogo kifuani, mara moja, nikasogea hadi mbele ya Mama.

"Kula."

"Haitapita, wewe. Unajua."

"Itapita. Nimesema mimi."

"Wewe nani?"

"Nyakio," nikasema. Sikuwahi kulisema jina hilo mbele yake. "Ni chakula changu. Nilikuwekea."

Mama alinitazama, na safari hii hakutazama chini. Midomo yake, ile midomo ya kushika pini, ilikuwa ikicheza cheza. Machozi yalishuka hadi kidevuni na hakuyafuta. Kisha akafungua mdomo kama mtoto mdogo, nikaweka kile kipande.

Alitafuna. Nduma ni kavu, hata mwenye koo zima huitafutia chai. Alitafuna muda mrefu hadi nikaanza kuogopa, nikajikuta nimeshika koo langu mwenyewe. Akafumba macho. Nikaona shingo yake ikikaza, mshipa ukitokea, na kile kitu kikipanda juu, kikasimama, kikasimama, kikashuka.

Nje fundi alikuwa akikwangua karai. Mama akafumbua macho, akapangusa pua kwa pindo la leso, akanyoosha mkono kuomba kipande kingine.

"Mami," akasema, "hukutia chumvi."